Siku Ng'washi Alipofika Msibani Kwake

Dada yangu Ng'washi alikufa siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na ilipotimu saa tisa alasiri akaingia msibani kwake mwenyewe na ndoo ya asali mkononi. Nalisema hili mapema msije mkaanza kulia bure kama tulivyolia sisi. Hakufa. Ni mzima kuliko mimi mwenye sukari na presha. Lakini kwa saa tano nzima mimi, Gaudensia, fundi cherehani wa Ng'ambo hapa Tabora, nilikuwa mfiwa, na msiba huo niliutengeneza mwenyewe, mimi na wenzangu kumi na tisa na rangi ndoo nane.

Nianze na kosa langu, maana nimechoka kusemewa na majirani.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne. Ng'washi alikuwa na kumi na saba, akaacha mambo yake yote akanilea. Ndiye aliyeniuguza surua, akanitafutia madaftari, akanichapa nilipostahili na mara mbili tatu nisipostahili. Tulikuwa tunakaa Ntalikwa, nje kidogo ya mji, na yeye alikuwa na baiskeli kubwa yenye keria ya chuma. Enzi hizo bodaboda hakuna. Mwanamke akishikwa na uchungu, watu walikuja kugonga kwetu. Ng'washi alifunga mto kwenye keria, akampakia mwenzake, akakanyaga mpaka hospitali ya mjini. Alipakia wanawake thelathini na saba kwa hesabu yake mwenyewe. Watatu walijifungulia njiani, na mmoja wa watoto hao leo ni trafiki pale mjini, mkali kwa kila mtu isipokuwa wenye baiskeli.

Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akakaa miaka mitano, mume akamrudisha nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Hakuwahi kulizungumza, na sisi hatukumuuliza.

Sasa mimi nina mdomo. Sijisifu, ni maradhi. Ukiacha cherehani, nasherehesha harusi, na watu wananiita kwa sababu nawachekesha. Miaka mitatu iliyopita binamu yetu Anton, anayekaa Nzega, alikuwa anamuaga binti yake, nikashika kipaza sauti. Ikafika zamu ya kutambulisha ukoo. Kila shangazi alisimama na watoto wake, wengine mpaka safu ikajaa. Ng'washi akasimama peke yake. Ukumbi ukawa kimya, na mimi kimya huwa kinaniwasha. Nikasema: "Na huyu ni Ng'washi, gari la wajawazito. Amepakia mizigo ya wenzake maisha yake yote, mwenyewe hajapata hata kifurushi."

Watu mia mbili wakacheka.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wala hawakunijua. Kwetu Wanyamwezi maneno kama yale yana mwenyewe. Anaruhusiwa mtani, na watani wetu ni Wazaramo, tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kulala vijijini kwao. Mtani akikutukana mbele za watu unacheka, unampa kuku, mambo yamekwisha. Ndugu wa tumbo moja akikutukana, hakuna kuku wa kumaliza jambo hilo. Ng'washi alitabasamu kwa adabu, akakaa. Alfajiri ya kesho yake akapanda basi la Sikonge, akaenda kwenye shamba la marehemu baba, akaanza kufuga nyuki akiwa na miaka hamsini na saba.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Nilikuwa nikipiga simu, "Shikamoo dada," naye anaitikia, "Marahaba, hamjambo wote," na baada ya hapo ni salamu za majirani, mvua, nyuki, kwaheri. Nilimtumia sabuni, dagaa, kanga mbili mbili. Yeye alinirudishia asali, kopo limefungwa vizuri, bila neno hata moja. Neno lililotakiwa nilikuwa nalijua. Ni fupi tu. Kila nikifungua mdomo kulisema, nilijikuta nauliza habari za mizinga.

Basi ndipo likaja suala la ukuta. Kikundi chetu cha wanawake kinaitwa Tuinuane, na mwaka huu mwenye ghala la zamani karibu na soko alitupa ruhusa ya kuchora ukuta wake wa barabarani. Tukakubaliana tuwaweke wanawake watano wa hapa hapa, waliofanya makubwa bila kupigiwa makofi: mwalimu wa kisomo cha watu wazima, nesi wa zamani, mama aliyepigania kisima, msukaji wa mikeka. Wa tano nilimtaja mimi kabla mwenyekiti hajamaliza kukaribisha maoni. Hakuna aliyepinga, na wawili kati ya waliokuwa pale mama zao walipanda keria ile.

Mpango wangu, nisiwafiche, ulikuwa huu. Ng'washi angealikwa kwenye uzinduzi, angejiona pale ukutani, mkubwa, mbele ya mji mzima, na angeelewa. Mimi nisingelazimika kusema kitu.

Mtu wa kwanza kuuona ujinga huo alikuwa Tufaha. Tufaha ni rafiki yangu, anauza vitumbua karibu na stesheni, Mzaramo wa kuzaliwa Tabora, kwa hiyo ni mtani wangu na ananisema atakavyo. Alikuwepo kwenye sherehe ile ya Anton. Alinivuta pembeni akaniambia, "Gaude, ukuta hauombi radhi." Nikamjibu akageuze vitumbua vyake vinaungua.

Mchoraji wetu ni Rahaf, binti wa mzee Sulemani mwenye duka la vitambaa, msichana wa miaka ishirini na nne, mpole, amesomea uchoraji. Alipouona ukuta akashika kichwa, maana plasta ilikuwa imebanduka kama mkate mkavu, akasema tutafute saruji na fundi. Tukamcheka. Fundi wa nini, na sisi tumezaliwa tunakandika nyumba? Tukaenda Ntalikwa na toroli mbili, tukachimba udongo mweupe na mwekundu, tukauchuja, tukaukanda kwa miguu, na kwa siku mbili wanawake ishirini tukaukandika ukuta kwa viganja mpaka ukalainika. Tuliimba, tulisengenya, tulirushiana matope, na mwenyekiti wetu, ambaye ni mtu mzima wa heshima zake, alianguka kwenye lindi la matope akakataa kutoka. Wapita njia walisimama kutushangaa. Rahaf alipopitisha mkono pale akasema hajawahi kuchorea kwenye kitu kizuri namna ile.

Akaanza na Ng'washi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nyuma yake kila saa. Nilimpa picha moja ya zamani. Kwa siku nne akachora: Ng'washi kijana, juu ya baiskeli, kanga imekazwa kiunoni, nyuma yake kwenye keria mwanamke mjamzito amemshika bega. Uso aliupatia mno. Nilikuwa napita pale asubuhi kabla ya kufungua cherehani, nasema shikamoo, kisha naangalia huku na huku kama kuna aliyenisikia.

Kilichobaki ni ufa. Chini ya baiskeli ukuta ulikuwa na ufa unaonyonya rangi, na kila ukipakwa unarudi kuwa mweusi. Rahaf akaufunika kwa maua meupe. Akaona yamependeza, akayazungusha pande zote, yakapanda juu mpaka kichwani. Sote ishirini tulisimama pale Jumatatu jioni tukasifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba hapa kwetu uso wa mtu unawekwa mkubwa namna ile, umezungukwa na maua meupe, kwa sababu moja tu. Tunaiona kwenye fulana za misiba kila wiki, na macho yetu yakapita juu.

Katibu wetu, Julieth, akaupiga picha. Akaiweka kwenye stetasi ya simu yake bila maelezo, akaweka tu vile vikatuni vya kulia, kwa kuwa alikuwa ameguswa. Akalala. Picha haikulala. Iliruka Nzega, ikaenda Igunga, ikateremka Sikonge, na kila ilipofika ilikusanya maneno njiani. Asubuhi ya Jumanne ilikuwa imerudi Tabora, haina habari ya ukuta wala rangi. Ng'washi amefariki. Wengine walisema nyuki, wengine walisema moyo.

Haya yote nimeyajua baadaye. Saa nne asubuhi ile nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za uzinduzi, kitochi changu kikaita. Alikuwa Anton kutoka Nzega, sauti imekatika. Akaniuliza kwa nini nimemficha, yeye ni ndugu, kwa nini asikie kwa watu. Nikamuuliza asikie nini. Akalia. Mwanaume wa miaka sitini akalia kwenye simu, nami nikaelewa kabla hajasema.

Mtasema, kwa nini hukuuliza amesikia wapi? Ndugu zangu, mtu akiambiwa dada yake amekufa haulizi chanzo cha habari. Nilimpigia Ng'washi, hapatikani. Nilimpigia jirani yake wa Sikonge, mzee Lugembe, akaniambia naye amesikia sokoni asubuhi hiyo, na kwamba Ng'washi aliingia porini kwenye mizinga tangu Jumamosi na hajaonekana. Akasema anachukua baiskeli kwenda kumtafuta huko huko. Nilikaa chini katikati ya vitambaa nikapiga ukelele, na wanawake wa Ng'ambo wakisikia ukelele hawaji mmoja mmoja.

Kufikia saa sita turubai lilikuwa limesimama. Mabenchi ya wanaume nje, majamvi ya wanawake ndani, kuni zimefika, maji yamefika, Julieth analia kuliko wote na hajui kwamba moto huu kauwasha yeye. Anton yuko njiani na mbuzi. Tunasubiri tu habari za mwili. Mimi nimekaa kwenye jamvi nimejifunika kanga, nafikiria jambo moja. Si kifo chenyewe. Nafikiria kwamba dada yangu amekufa akijua kuwa mtoto aliyemlea kwa mikono yake alimcheka mbele za watu, na kwamba nilikuwa na miaka mitatu na simu yenye salio.

Moyoni nilibaki na tundu dogo la matumaini. Labda wamekosea. Tundu hilo likazibwa saa nane kasoro, watani walipofika.

Asiyejua na ajue: mtani hutania kila kitu, ila haji msibani kwa uongo. Kumuona Tufaha na Wazaramo wenzake sita wanaingia uani wamejipaka majivu usoni, nikajua imekwisha. Wakalala mlangoni kuzuia njia, wakadai walipwe ndipo watu wapite. Wakachukua sufuria ya wali wakaificha. Mmoja akawa anawauliza wanaume kwenye mabenchi ni nani kati yao aliyekuwa akimnyemelea marehemu, maana amekuja kukusanya madeni ya mapenzi. Watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi ya watani. Wanakushika usizame.

Kisha Tufaha akafanya ambacho mtani huwa anafanya. Aliingia chumba alichokuwa akilala Ng'washi kabla ya kuhamia Sikonge, akafungua sanduku, akatoka amevaa gauni lake la zamani la bluu na kilemba chake. Mtani anakuwa marehemu kwa muda, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, ili watu wamuage. Tufaha akaja akichechemea mguu wa kushoto, kwa maana Ng'washi ana goti bovu, akaketi kwenye kigoda, akatutazama mmoja mmoja kwa yale macho ya kupima kama umeoga. Alimpatia hasa.

Akaagiza maji ya kunywa. Akalalamika kwamba wali ni wa mabonge. Watu wakacheka. Kisha akanigeukia, na sauti ikawa ya Ng'washi mtupu, ile ya taratibu.

"Mimi nimekufa, Gaude. Lakini kuna kitu kimenikwama kooni, siwezi kwenda nacho. Siku ile ya sherehe ulisema nini?"

Tufaha hakuwa anatania tena, na wote waliokuwepo siku ile walijua. Nilitaka kumrukia nimvue lile gauni. Nilitaka pia kumwangukia miguuni, na hilo la pili likashinda.

"Nilisema huna mtoto," nikamwambia. "Nilisema mbele za watu wote. Wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka. Nikaona uso wako, dada. Niliuona, na nikaendelea na ratiba. Hilo ndilo linaloniua, kwamba niliuona. Halafu nikaanza kukutumia sabuni. Miaka mitatu nakutumia sabuni na dagaa kwa sababu neno moja lilinishinda. Umenilea, nikakulipa vile. Nimekosa. Nisamehe, mayo. Nisamehe."

Mayo ni mama, kwa Kinyamwezi. Nilikuwa nikimwita hivyo nikiwa mdogo, mpaka siku aliponiambia kwa upole kwamba yeye ni dada. Sijui lilitokea wapi. Nilikuwa nimemng'ang'ania Tufaha magoti, nalia mpaka sioni, na Tufaha mwenyewe alikuwa analia, utani umemtoka wote. Akainua uso juu darini akasema, "Umesikia, Ng'washi."

"Nimesikia," ikajibu sauti kutoka mlango wa jikoni. "Sasa vua gauni langu."

Alikuwa amesimama pale kwenye kizingiti, kanga kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi, ndoo ya asali mkononi.

Siwezi kuwaeleza vizuri kilichofuata, kwa sababu nilikuwa chini ya watu. Wanawake wa mlango wa mbele walitoka kwa mlango wa mbele, wa dirishani walitoka kwa dirisha. Mwenyekiti wetu wa heshima zake aliruka sufuria ya maharage bila kuigusa. Julieth alizimia, kisha akazinduka, akamwona tena, akazimia. Aliyebaki kwenye kigoda ni Tufaha peke yake. Alimtazama Ng'washi kuanzia juu mpaka chini, akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akamwambia kwamba amejua siku zote kuwa Wanyamwezi hawawezi kazi, lakini hakudhani kwamba hata kufa kutawashinda, na kwamba watani wamekwisha lia na machozi hayarudi, kwa hiyo kuku wao wako pale pale.

Ng'washi akawaahidi kuku watatu. Akasalimia wazee nje kwenye mabenchi, waliokuwa wamesimama nyuma ya mabenchi. Akanywa maji. Akaeleza kwamba simu yake imekwisha chaji tangu Jumapili, kwamba asubuhi hiyo alitoka porini na asali yake, na kwamba pale stendi ya Sikonge kondakta alikataa nauli yake huku akitetemeka na abiria wa kiti cha pembeni akahamia kwa dereva. Mama mmoja wa karanga ndiye aliyejikaza akamuuliza si yeye ndiye anayezikwa Tabora. Basi akaja kuona.

Mimi hakunitazama. Alizungumza na kila mtu, hata mbuzi wa Anton aliyefika wakati huo alimshika sikio, ila mimi aliniruka kama unavyoruka dimbwi. Niliposema "Shikamoo dada" aliitikia "Marahaba," vile vile kama kwenye simu. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa nimeogopa kuliko asubuhi. Asubuhi nilikuwa sina la kufanya. Sasa nilikuwa nimekwisha lisema lile neno, amelisikia lote, na hakuna kingine nilichobaki nacho.

Alitaka kujua nani kasema amekufa. Watu wakaanza kurudisha uzi nyuma: huyu kaambiwa na yule, yule kaona kwa fulani, fulani katumiwa picha. Simu zikatolewa. Mwisho macho yote yakaishia kwa Julieth, naye akatuonyesha picha yake huku akijikinga kwa mkono. Ng'washi akaitazama muda mrefu. Akauliza ukuta huo uko wapi.

Tukaenda wote. Msiba mzima ulinyanyuka: wazee wa mabenchi, watani na majivu yao, Tufaha bado na gauni la bluu kwa kuwa alikataa kulivua bila malipo. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa stesheni na mwanga ulikuwa mzuri. Rahaf alikuwa juu ya ngazi anaanza kilemba cha nesi, maskini ya Mungu, hana habari, hakuwa na simu wala mtu wa kumwambia. Aligeuka akaona kundi la watu sitini linamjia, na mbele yao mwanamke wa ukutani. Alishuka ngazi taratibu, rangi ya brashi imemdondokea kiatuni.

Ng'washi alisimama mbele ya ukuta. Alisogea, akapitisha kiganja kwenye udongo, akasema tumekandika vizuri. Akatazama uso, akasema pua si yake, lakini iachwe, ni nzuri kuliko yake. Akatazama maua, akatutazama sisi ishirini kwa zamu, nasi tukaangalia chini. Rahaf akaanza kuomba radhi, akasema atayafuta kesho asubuhi na mapema. Ng'washi akamkataza. Akasema mfuga nyuki hawezi kufuta maua.

Alimtazama yule mwanamke wa kwenye keria, ameshika bega lake, na nikajua anawaona wote thelathini na saba. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nilitaka kumgusa nikashindwa. Nikasema moyoni, hata akirudi Sikonge na basi la asubuhi, angalau amejiona.

"Hapa pana pengo," akasema, akamwonyesha Rahaf kwa kidole bomba la mbele la baiskeli, kati ya mikono yake mwenyewe ilipokuwa imeshika usukani. "Miaka ile hapa mbele palikuwa na mtoto. Alikuwa hakubali kubaki nyumbani. Hata nikipakia mzazi nyuma, yeye anapanda mbele. Umemsahau."

Rahaf alichanganyikiwa. Alitafuta msaada usoni kwangu, akakosa. Akauliza kwa adabu, "Mtoto wa nani, shangazi?"

"Wangu."

Akanielekeza kwa kidevu bila kugeuka, akasema, "Huyu hapa. Mchore mdomo wazi, njia nzima alikuwa haunyamazishi."

Rahaf akachukua kipande cha mkaa, akaniambia nisogee kwenye mwanga aone uso vizuri. Nikasogea. Akaniomba ninyamaze kidogo kulia, ndipo ashike umbo la mashavu, nami nikashindwa, na Ng'washi akamwambia asubiri tu, mtoto huyu huwa anachukua muda.